Inayosemea Puani

Moja laki nne na nusu, nyingine milioni na ushei,
zimetundikwa bega kwa bega, dukani karibu na Mbuyuni,
zinaonyesha mechi ileile.
Ndelilio, muuzaji, ananivuta kiwiko:
"Dada, tazama nyasi."

Natazama. Za bei mbaya zina umande,
za bei chee zimechoka, majani ya mgomba ya juzi.
"Sasa simama pembeni."
Nasimama. Kwenye ile rahisi wachezaji wanageuka majivu;
ile ghali haipauki, hata ukiichungulia mlangoni.

Nahesabu. Tofauti yake ni ada ya Elinami,
ni bati za jiko,
ni ndama wa Kibosho ambaye hata hajazaliwa.

Mama amekaa juu ya boksi la friji, kitenge magotini.
Macho yake yana mtoto, yote mawili;
tangu Pasaka ananitambua kwa hatua zangu.
Ndelilio amemsahau. Mimi pia, kidogo.

"Zimeni sauti ya moja, niisikie nyingine."
Tunazima.
"Haya, badilisheni."
Anainamisha kichwa, mtu anayeonja mbege
kabla haijagawiwa.
"Ile ya kwanza inasemea puani.
Hii inaongea kama mtu aliyeshiba."

"Hii ipi, Mama?"
Ananyoosha kidole, sawasawa kabisa,
kwenye ile nene, ya laki nne na nusu.

Ndelilio anakohoa, anatafuta kamba ya kufungia.
Nje Kibo imejifunua, hakuna anayeitazama.
Mama anauliza nani kafunga.