Usiku wa Kubadili Mitambo, Ngomeni

Saa sita na dakika tano usiku nimeizima Ngomeni.
Swichi ndogo tu, ya kidole kimoja,
na feni za kabati zikashusha pumzi
kama mtu aliyeambiwa hatimaye aketi.

Chini, mlinzi Shekue kanyanyua kitochi chake,
anakitikisa, anakipiga pajani.
"Kimekufa?"
"Kimelala. Nipe hadi kumi na moja."

Mita arobaini na tano. Mkanda kiunoni,
spana inaning'inia kwa kamba,
upande huu mistari ya mkonge, ule taa za Pongwe,
na umande unaopenya glavu.
Kebo za zamani ni nene kama mkono wa mtoto,
zimekula jua miaka kumi na mitano.
Nazikata, zinashuka kwa kapi, moja, moja.
Mpya ni uzi. Uzi wa kioo, mwembamba kuliko utambi,
na ndani yake, tuliambiwa semina,
wilaya nzima itapita bila kugusana mabega.

Kisha, nyuma ya mlango wa kabati,
nakuta mwandiko wa Semboja:
SEKTA YA PILI, MUHEZA. USIVUTE. INA DONDA.
Na chini, kwa herufi ndogo:
mvua, tumekula machungwa tu.

Semboja, aliyenifundisha kufunga fundo
kabla ya kunifundisha volti.
Alizikwa Lushoto, masika, minara imelala kwa kukosa dizeli;
habari zikanifikia siku ya tatu.

Makabati yake matatu yameingia boksi moja.
Kizazi cha pili, cha tatu, cha nne:
babu, mama na mjukuu kwenye sinia moja,
kila mtu na tonge lake.
Wakubwa wa Dar walitaka cha pili kizimwe.
Nani bado anakitumia, waliuliza.
Nikawajibu kwa barua: mlinzi wa mnara wenu.

Saa kumi na dakika hamsini nawasha.
Nyekundu. Nyekundu. Laptopu inafikiri.
Kijani.
Jogoo wa mtu anajipa sifa zisizo zake.
Simu yangu inafurika: picha, sauti,
michango ya harusi ambayo sitakwenda.
Napima kasi, naandika namba kwenye fomu,
namba nzuri, za kuonyesha watu.

Ndipo kitochi cha Shekue kikalia.
Akazungumza Kibondei, haraka, kanipa mgongo.
Alipomaliza akaketi juu ya rundo la kebo kuukuu,
akakifuta kioo kwa kidole gumba.
"Alianza kupiga saa saba," akasema.

Sikuuliza nani. Saa saba nilikuwa juu,
nakata.

Mlango wa boksi jipya ni mweupe bado.
Nikafungua kalamu:
SEKTA YA PILI, MUHEZA.
Na chini, kwa herufi ndogo:
kuna mtu alipiga saa saba.