Kuzima Chokaa

Saaremaa, mwezi wa Mei. Theluji imebaki
nyuma ya zizi tu, kipande, kama shuka lililosahauliwa kuanuliwa.
Leida anabandua lami kwenye mfuniko wa pipa
ambalo Endel aliliziba mwenyewe Oktoba,
tanuri lilipopoa,
miezi minne kabla moyo wake haujagoma
mikononi ana ndoo mbili za maziwa.

Ndani, mawe. Yana umbo lile lile yaliloingia nalo motoni,
ila ukiyainua mkono unadanganyika:
mepesi, kama mtu aliyetoka kuugua.
Karibu nusu ya uzito ilipanda na moshi.

Siku tatu, usiku tatu, Endel alikesha akichochea.
Misonobari mizima iliingia humo, na magogo ya uzio wa zamani,
na bado jiwe halikushukuru.
Jiwe hunywa moto kimya. Halilewi.
Hulifungia joto pale ambapo kiganja hakifiki,
likakaa baridi pipani majira yote ya baridi,
baridi kabisa, ungeliweka shavuni.

Taavi, mpwa wake, miaka kumi na mmoja,
anateka maji kisimani, maji ya kukata vidole,
anamimina kwenye hori.
Hakuna kitu.
"Limekufa," asema.
"Subiri."
"Niongeze maji?"
"Ukiyazidisha utalizamisha. Subiri."

Anachukua nyundo, hana subira, anaponda bonge moja.
Na ni hivyo vipande, vidogo, vyenye nyuso nyingi za kunywea,
vinavyoanza kunong'ona kwanza.
Ufa. Mvuke mwembamba.
Kisha joto la hivi linayaamsha yale,
na yale yanaamsha mengine,
hori zima linatokota, linatema, linaguna,
mabonge yanachanua kuwa unga,
mtoto anaruka nyuma akicheka kwa hofu.

Neno lao ni sawa na letu: kuzima.
Wanazima chokaa. Nani alilitunga neno hili
na alisimama mbali kiasi gani?
Unamwagia maji, ndipo inawaka.

Leida hajaruka. Ameweka kiganja ubavuni mwa hori,
kwenye ubao unaopata moto polepole.
Anaujua moto huu.
Ni wa Oktoba. Ni wa yule aliyekuwa akirudi alfajiri
nyusi zimeungua, akinuka utomvu,
akalala bila kuvua viatu.
Haukupotea hata chembe. Ulikuwa unangoja maji.

Kesho kutwa wataipaka ukutani, ukuta wa kaskazini wa sauna,
nayo itaanza safari ya kurudi kuwa jiwe,
ikivuta kutoka hewani, pumzi kwa pumzi,
kile ambacho tanuri lilikitoa.
"Itachukua muda gani?"
"Hutakuwapo," Leida amjibu, bila ukali.
Siku tatu motoni. Nusu saa majini.
Ukutani, miaka mia, labda zaidi,
na hakuna nyundo ya kuiharakisha hiyo.

Halafu, kwa mazoea, anatoa mayai kwenye aproni,
anayatia kwenye sufuria ndogo yenye maji, anaizamisha katikati ya uji mweupe,
kama alivyokuwa akifanya Endel kila mara.
Ametoa mawili. Alitoa mawili kabla hajafikiri.

Taavi anakula lake na chumvi, anaunguza ulimi.
Lile lingine Leida hamenyi.
Anatembea nalo mfukoni hadi jioni,
akiligusa, akiligusa tena,
hadi linapolingana joto na mkono wake
na hajui tena ni lipi la nani.