Ya Kupandia

Lifti ya jengo hili hula sarafu.
Ukiisahau kwenye koti jingine
unapanda ghorofa nane kwa miguu
na mkate unakupoea kwapani.
Hilo ndilo nililojifunza kwanza hapa Tbilisi:
tunza chenji ndogo.

La pili: mkate haumngoji mtu.
Zauri hujitumbukiza tanurini mpaka kiunoni.
Kila asubuhi nadhani leo harudi,
kisha anaibuka, mwekundu, ameuopoa kwa ndoana,
ncha zake mbili kali kama pembe za fahali.
Hatujawahi kuzungumza. Naonyesha vidole viwili.
Nilipougua, nikapotea siku nne,
nilimkuta ananionyesha vinne,
amekunja uso.

Nimekuja kwa miezi mitatu
kusomea kutengeneza meno ya bandia.
Mchana kutwa nachonga magego ya watu nisiowajua,
jioni nayatafutia yangu kazi.
Dukani sisomi kitu. Herufi zao
zimejikunja kama jongoo walioguswa.
Nilinunua chupa ya kijani, nikaoshea vyombo:
kumbe soda.
Sahani zikanata siku mbili,
na Bi Tsiala, mwenye nyumba,
alicheka mpaka akashika ukuta.

Mgeni siku mbili, husemwa kwetu, ya tatu mpe jembe.
Yeye ya tatu alinipa mwiko.
Sufuria ilikuwa inatokota, unga mweupe, wa mahindi,
akaniashiria: koroga,
akageukia jibini lake.
Sikukoroga. Nilisonga.
Mkono ulikumbuka peke yake:
vuta, kandamiza, geuza,
mguu mmoja mbele, mvuke machoni.
Alipogeuka alinitazama
kama mtu aliyemkuta mgeni anajua
ufunguo wa kabati unafichwa wapi.
“Wapi?” akauliza, kwa Kirusi,
chake cha shule, changu cha kuokoteza.
Nikasema: nyumbani.
Akasema: na mimi.

Wanauita gomi. Hauna chumvi, kama wetu.
Ila wao huudidimizia vipande vya jibini,
vinalainika humo ndani, vinavutika kama ulimbo,
na hapo njia zetu zikaachana,
mimi moyo uko kwenye mchicha.
Nikamega kwa vidole.
Bi Tsiala akasita, akaweka kijiko chini.
Babu yake, alisema, alikula hivyo hivyo.
Akanawa upya, akamega.

Nyumbani kwake ni Sukhumi,
ng’ambo ya mpaka asioruhusiwa kuuvuka.
Alikuja hapa mwaka wa vita
na watoto wawili na cherehani,
kwa muda.
Sasa watoto wana vipara.
Mapazia ni ya aliyekuwamo kabla yake,
hajayabadili: ya nini, kwa muda?
Sahani nzuri alizojinunulia
bado zimo ndani ya boksi, juu ya kabati, zimefungwa kamba.
“Za kule,” akasema,
akasukuma bakuli la pilipili kwangu
kwa namna iliyonifahamisha
kwamba swali linalofuata ni mwiko,
ule mwingine.

Usiku huo niliibandua kalenda yangu
ukutani pale jikoni.
Nilikuwa nakata siku kwa kalamu nyekundu,
zimebaki kumi na tisa,
na yeye kila asubuhi akinipikia chai mbele yake
bila kusema neno.
Nimeiweka chini ya godoro.
Pale ukutani pamebaki mraba mweupe.
Ameuona, najua. Amepitisha kitambaa juu yake
kama anayefuta vumbi.

Leo baridi imeshuka sana, watu barabarani
wananunua parachichi za kwao, zile za rangi ya chungwa,
sijui hata kama ni parachichi, naziita hivyo
kwa kukosa jina, mpaka mtu anisahihishe.
Nimechelewa darasani.
Juu ya kikombe changu nimekuta sarafu,
bado ina joto la mkono.

Lifti hailipishi kushuka.
Hii ni ya kurudi.