Mkalimani wa Ini

Daktari aliuliza mara tatu.
Mara ya kwanza kwa upole: anakunywa kiasi gani?
Mara ya pili akiitazama kompyuta.
Mara ya tatu akanitazama mimi,
kana kwamba baba ni mlango uliokomewa
na funguo ninazo mimi.

Nikatafsiri. Ndiyo kazi yangu tangu nina miaka minane:
barua za benki, bili za maji, vitisho vya mwenye nyumba.
Kiingereza huingia sikioni, Kihispania hutoka kinywani,
na katikati, mahali fulani kooni,
nipo mimi.

Baba alivua kofia.
"Mwambie tone la mwisho nililinywa
siku tuliyomzika mdogo wangu Evaristo.
Mwambie mwaka. Mwambie mvua ilikuwa inanyesha."
Nikamwambia mwaka.
Mvua nikaiacha.

Baba huezeka mapaa. Nusu ya nyumba za Harlingen
zina alama ya magoti yake.
Huko juu jua halina adabu,
na ifikapo saa nne msimamizi hurusha makopo ya soda,
baridi, matamu, mawili mawili kwa kila mtu.
Jioni mama humpangia chapati za ngano,
laini, zilizokandwa kwa mafuta ya nguruwe,
kwa sababu mtu aliyeshinda juani
humwambii ninakupenda kwa kabichi.

Basi jeli juu ya tumbo, baridi,
kifaa kikateleza chini ya mbavu za kulia,
na kwenye kioo ukatokea ukungu mweupe.
Mafuta, alisema daktari.
Mafuta, kisha makovu,
na kando ya makovu doa,
dogo kuliko punje ya mahindi,
huenda si kitu,
huenda ni kitu.

Neno la mafuta nilikuwa nalo. La makovu nilikuwa nalo.
La tatu nikajifanya ninalitafuta,
nikatazama dari, nikalamba midomo.
Ujinga gani! Neno lile halina haja ya mkalimani.
Kwa lugha yao na kwa yetu ni lile lile,
hata herufi ni zile zile.
Baba alikuwa amekwisha kulisikia.
Alikuwa ananingoja mimi tu nimalize kudanganya.

Wahenga wana maneno ya kukata maini.
Nilidhani ni msemo.

"Watu wenu," daktari akaendelea, "huanza mapema,
hata wasioonja pombe. Kuna kitu pia katika damu,
mtu hukirithi."
"Watu wenu" nikaitafsiri "sisi".
Ikawa nzito zaidi.

Baba akacheka, kicheko kifupi cha pua.
"Kumbe mzee Crispín aliniachia urithi!"
Babu yangu, nisiyemjua ila kwa picha moja,
alifia Tamaulipas, macho ya manjano,
tumbo limejaa kama kiriba.
Wenye huruma walisema ni hofu, alishtuka usiku akaugua.
Wasio na huruma walisema alikunywa kwa siri,
na bibi alizeeka akiwajibu majirani
ambao hawakuwa wameuliza kwa sauti.

Tulipewa Alhamisi, picha nyingine, mashine kubwa zaidi.
Karani akanyoosha kalamu kwangu:
na wewe, dada, umewahi kupimwa?
Nikasema nina miaka ishirini na tisa.
Hakuwa ameuliza umri.

Ndani ya gari kopo la soda lilibingirika
kutoka chini ya kiti hadi kwenye kisigino cha baba.
Akaliokota, lilikuwa la moto, akalitikisa kidogo
akaliweka mlangoni, bila kulifungua, bila kulitupa.
Nikaendesha. Taa nyekundu, taa nyekundu,
kanisa, duka la matairi.

"Nereida," alisema, akiwa ameelekea dirishani,
"Alhamisi tukirudi,
mwambie na ile mvua."