Arobaini ya Maksat

Ubao uliandika: imechelewa.
Baada ya saa moja: imechelewa.
Kisha ukaacha hata kutaja saa,
kama mdaiwa aliyechoka kuahidi.

Lakini ukungu wa Osh ndio ulioanza.
Tulikaa ndani ya ndege, mikanda tumefunga,
tukitazama bawa lisiloonekana ncha,
rubani akisema nusu saa, nusu saa,
mpaka nusu zikajumlika zikawa saa nne.

Istanbul nilikimbia.
Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, buti za manyoya,
mfuko wa kurut ukinipiga ubavuni:
maziwa ya mgando yaliyokaushwa juani,
vidonge vya chumvi, vigumu kama kokoto,
ambavyo mdogo wangu Maksat alivimung'unya
tangu nikimbeba mgongoni.
Nilifika langoni dakika tisa baada ya kufungwa.
Ndege ilikuwa bado ipo. Niliiona kwenye kioo,
taa zake zinapepesa.
"Si ile pale?" nikamwonyesha kijana wa dawati.
"Ile pale," akasema, "lakini imeshaondoka."

Bado nayatafuna maneno yale.

Nilipewa kuponi ya wali na kuku.
Nililala juu ya viti vyenye mikono ya chuma,
vilivyobuniwa na mtu asiyetaka watu walale,
nikahesabu kwa vidole: leo thelathini na nane.

Aizada, mjane wake, alipiga simu kutoka Winnipeg.
"Wifi, kondoo nimeshanunua, watu nimeshaalika.
Siku siwezi kuihamisha."
Siku haihamishwi, nilimwambia.
Mimi ndiye wa kuhamishwa.

Maksat hakujua kuchelewa.
Lori lake la magurudumu kumi na manane
lilifika bohari kabla mwenye funguo hajaamka.
Hata kufa aliwahi: miaka hamsini na mmoja,
kituo cha mafuta, kando ya barabara kuu,
kahawa mkononi bado ya moto.

Toronto, theluji.
Nje, wanaume wenye mabomba waliiosha ndege yetu,
bawa la kulia kwanza, kisha la kushoto,
taratibu, bila kusemezana.
Nikageuza uso.

Ilipotimu saa waliyoniambia,
nikajua kule sasa wamekaa, viatu mlangoni,
mvuke wa nyama umeziba madirisha,
na nafasi yangu karibu na Aizada
ameikalia mtu mwingine, au hakuna.
Kiingereza changu ni maneno kumi;
manane kati yake ni ya kuomba radhi.
Nikafungua mfuko.
Jirani yangu, mzee Leclair,
aliyekosa harusi ya mjukuu wake asubuhi ile,
akachukua kimoja, akauma, akakunja uso
kama aliyelamba betri,
akacheka, akaomba cha pili.
Filomena, mfagiaji, akaegemeza fagio ukutani,
chake akakitia mfukoni, akapapasa nje ya mfuko
kuhakikisha kimo.
Kuleni, niliwaambia kwa Kikirgizi, hiki ni cha Maksat.
Hawakuelewa. Wakala.
Nikafungua viganja, na mzee akavua kofia;
pengine alidhani naomba ndege.
Sikosei nikisema niliiomba na hiyo.

Saa nane za usiku wakatutangazia lango jingine,
mwisho kabisa wa jengo, na tukakimbia tena,
mzee mbele, mkoba wangu begani mwake.

Winnipeg hapakuwa na la kusema, baridi ilisema yote.
Aizada alisimama penye kizuizi cha wasafiri
na sahani iliyofunikwa karatasi ya fedha.
"Sehemu yako," akasema.
Mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda, meupe.
Nilikula nimesimama,
koti sijavua.