Kidole cha Shahada

Wengine watakusimulia kwa vyeti:
mwaka aliorudi Wete na sanduku la bati,
vyuma vyake kavifunga kwa kanga,
na barua ya wizara: upasuaji mdogo tu.
Watakutajia majipu, ngiri, mabusha.
Mimi nina kovu.
Linaanzia chini ya titi la kushoto, linazunguka mgongoni
kama mkufu uliokatika.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kwetu Konde,
sibebi pishi moja ya karafuu
kutoka uani hadi ukumbini bila ya kukaa njiani.
Wakasema shetani. Nikafukizwa. Kuku wawili wakaenda.
Yeye aliniwekea sikio kifuani,
sikio lake hasa, maana ile mipira ilikuwa imepasuka,
akasikiliza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani,
akauliza: Huyu aliwahi kuumwa mafindofindo?
Mama akajibu: Nani hajaumwa mafindofindo?
Daktari Mgeni Shaame akatazama sakafu.
Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua:
mdogo wake, Hamadi. Koo, kisha magoti, kisha pumzi.
Hakufika kumi.

"Moyo wake una mlango uliogandana. Nitaufungua."
"Kwa kifaa gani?" baba akauliza.
Akanyanyua kidole.

Baba alitoka nje, akatema mate, akarudi.
"Mgeni njoo," akasema, "mwenyeji apone."
Hata nesi alicheka.
Hiyo ndiyo ilikuwa saini.

Mimi nilikuwa usingizini. Ninayoyajua nimepewa na Bi Mize,
aliyeshika taa.
Alivua pete. Akanawa hadi viwikoni kama anayetawadha.
Akapita kati ya mbavu, akaushonea moyo uzi wa duara,
mfano wa mdomo wa mkoba,
akatia kidole ndani, nao unapiga,
akafumba macho.

Bi Mize alidhani ameogopa.
Kumbe alikuwa mtoto tena, usiku, mafuta ya taa yamekwisha,
anachambua karafuu na mama yake gizani,
tumba huku, makonyo kule,
vidole vinajua vyenyewe kifundo kiko wapi.
Kikaachia.
"Haya," alisema. Basi.

Aliyenifuata, mvulana wa Kojani, hakuamka.
Daktari alikwenda kwao, akakaa matangani siku tatu,
chini, pamoja na wanawake, akimenya vitunguu.
Hakuna aliyemwambia kitu.
Mwezi wa pili yake akapasua tena.

Mimi nimezaa watano. Nimebeba pishi nisizozihesabu.

Juzi waliniita; mwosha wa mtaa huu sasa ni mimi.
Maji ya majani ya mkunazi, kafuri, shuka la kusitiri.
Nikaanza upande wa kulia, kama inavyotakiwa,
nikafika mkononi.
Kilikuwa kimepinda kidogo kwenye kiungo cha juu,
kwa uzee, kama kinachomwita mtu.
Nikakiosha mara tatu.
Kisha, Mungu anisamehe, ya nne.
Wenzangu wakanitazama.
Moyo ulikuwa unanipiga hadi masikioni.
Ikanibidi ya tano,
isije ikawa shufwa.