Jiwe la Themanini na Ngapi

Tumekutana Masaka, nyuma ya gereji ya Ssekabira,
tumekalia matairi yaliyostaafu kabla yetu.
Chai ya tangawizi, gonja la kuchoma, na ubishi uleule:
pancha ya pili ilitupata jiwe la themanini na ngapi?

Okwalinga anaapa ni themanini na mbili.
Yeye aliyahesabu mawe yote, Malaba hadi Kisoro,
akiyaita kwa sauti kama mwalimu aitaye mahudhurio,
na jiwe lililong'olewa alilijibia mwenyewe: "Hayupo."
Tibenderana anasema themanini na saba,
kwa kuwa alikuwa amelala, akaamshwa na mshindo,
na mtu hasahau, anasema, mahali alipoamshwa.

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Nalifungua. Ukurasa ule uliloa mvua ya Lwera,
wino umetambaa kama mjusi aliyekanyagwa mkia.
Inasomeka tu: "Themanini na", kisha doa,
kisha: "Adrole amecheka."

Tunanyamaza kidogo.

Njia nzima watu walituuliza: mnakwenda kwa nani?
Kuna msiba? Kuna harusi? Mnauza nini?
Tukijibu tumekuja kuitazama barabara
walitutazama miguuni, wakatuonea huruma.
Lukaya wauza kuku wakalizonga gari,
vijiti vya nyama madirishani, moshi, kelele za bei,
na Adrole, badala ya kununua, akamuuliza kijana mmoja
lami hii iliwekwa lini, na ni tabaka ngapi.
Kijana akasema, "Mzee, kuku anapoa."

Adrole wa Arua, dereva wa greda miaka ishirini,
aliyefunga uzi mwekundu kwenye gurudumu la baiskeli
apime njia mwenyewe, maana vibao, alisema,
huandikwa na watu walioketi.
Kila kalvati alilipigia magoti,
akaita humo jina la mama yake,
akasikiliza lilivyotokea upande wa pili.
"Kalvati zuri halirudishi neno. Hulipitisha."

Kabale hadi Kisoro ilikuwa bado udongo mtupu.
Pale Kanaba ukungu ulishuka mpaka kwenye boneti.
Nikafungua mlango, nikavua leso yangu ya njano,
nikatangulia kwa miguu nikiipepea,
nao wakaifuata, kilomita moja kwa nusu saa,
bonde likipumua mkono wa kushoto.
Nyuma yangu nilimsikia Okwalinga, sauti ndogo,
akiendelea kuhesabu.
Jua lilipochomoza, Muhavura ulikuwa umesimama pale
muda wote, kama mkwe anayengoja kusalimiwa.

Sasa lami inafika Kisoro, ina na mistari yake.
Wajukuu wetu huipita wakiwa usingizini.
Ni vyema. Tuliitaka; Tibenderana aliiandikia barua tatu,
ya tatu akajibiwa.
Lakini huko Lwera, kifusi juu ya kifusi,
jiwe letu, liwe la ngapi, limebaki chini kwenye mafunjo,
na labda chura analikalia
bila kujua yuko umbali gani na Kampala.

Ssekabira hajasema kitu jioni nzima.
Alikuwa akiziba mpira wa lori la mtu.
Sasa anafuta mikono, anaingia ndani,
anatoka na kopo la kahawa lililojaa misumari,
anachakura, anatoa mmoja, wenye kutu, umepinda shingo.
"Ni huu."
Sote tunaruka: themanini na ngapi?
"Mimi jiwe sikulitazama. Nilitazama tairi."

Tunaupokezana. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani.
Tibenderana anaunusa. Mimi naugusa kwenye doa la daftari,
sijui kwa nini.
Unamfikia Okwalinga, anaupima kwa kidole gumba,
anakohoa, anaangalia kikombe ambacho
hakuna aliyekiagiza na hakuna anayekinywa.

"Themanini na mbili," anasema,
na birika linarudishwa jikoni.